Nilimgongea rafiki muhuri wa uongo, akapoteza nyumba

Mhariri,

Nipe nafasi katika ukurasa wako nizungumze na vijana wa Malindi wanaotafuta mikopo ya nyumba, na wale wakubwa wao wanaowasaidia kwa nia njema.

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya alasiri, kijana mmoja alinikuta barazani kwangu hapa Barani. Akaniamkia, akakaa, akatoa karatasi ndani ya bahasha ya kaki. Nilikuwa karani wa mishahara katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka 23, kwa hivyo watu huniletea makaratasi yao niwaangalizie. Hii ilikuwa hati yake ya mshahara. Alitaka nimwambie kama imekaa sawa kabla hajaipeleka benki.

Juu iliandikwa shilingi 85,000. Nikateremsha macho kwenye makato. Ada ya nyumba, ambayo ni asilimia 1.5 ya mshahara, ilikuwa shilingi 600. Mchango wa SHA, yaani mamlaka ya afya ya jamii, asilimia 2.75, ulikuwa 1,100. Nikachukua kalamu nikampigia hesabu pembeni: mtu wa 85,000 hukatwa 1,275 za nyumba na 2,337 na nusu za afya. Anayekatwa 600 na 1,100 ni mtu wa 40,000. Aliyemtengenezea hati ile hapo mjini, kwa shilingi 3,000, alibadilisha mstari wa juu akaisahau mistari ya chini.

"Basi ami, nisaidie kuyarekebisha hayo makato," akaniambia. Nilikataa, akaondoka amenuna. Sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu mwingine aliyeniomba jambo kama hilo nilimkubalia.

Ilikuwa mwaka 2018. Rafiki yangu, mhudumu wa baa pale pale kazini, alitaka kununua nyumba ya vyumba vitatu upande wa Muyeye. Alikuwa mtu wa mkataba wa msimu. Kila masika, Aprili hadi Juni, wageni Waitaliano wakisharudi kwao, hoteli hufunga au hupunguza watu, na yeye hukaa nyumbani bila mshahara. Miezi ya kazi alipata 32,000. Mkopo aliotaka ulikuwa shilingi 2,200,000, na benki ikaomba barua ya mwajiri. Barua niliiandika mimi. Nilisema ni mwajiriwa wa kudumu na mshahara wake ni 75,000. Nikagonga muhuri. Afisa wa mikopo alipopiga simu kuhakikisha, simu niliipokea mimi, nikasema ndiyo, ni kweli. Sikuchukua hata shilingi moja. Nilijiona nimemtendea ndugu yangu wema.

Kwa riba ya asilimia 13 na muda wa miaka 20, alitakiwa kulipa karibu 25,800 kila mwezi. Piga hesabu mwenyewe kwa mtu wa 32,000 kabla ya makato, ambaye kwa miezi mitatu ya mwaka hapati kitu. Alijikaza. Bakshishi za wageni zote ziliingia huko, na mkewe akawa anauza viazi karai na achari jioni. Masika ya 2019 walivuka kwa kukopa kwa jamaa.

Machi 2020 ikaja korona. Ndege hazikuja, hoteli zikafungwa, na mji mzima mnaukumbuka ulivyokuwa. Mwezi huo huo Benki Kuu iliruhusu mabenki yawapangie upya mikopo wateja walioathirika, ilimradi mikopo yao ilikuwa ikilipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi. Wenzetu wawili kazini walikwenda benki na barua zao za kusimamishwa, wakaelezea hali, wakasogezewa muda. Rafiki yangu naye alikuwa hajaruka hata mwezi mmoja. Angeweza kwenda. Nilimhimiza mara tatu aende, mara ya tatu akanijibu, "Kaka, wataniomba hati mpya za mshahara. Niwapelekee zipi?"

Jibu hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Mtu huingiwa na hofu ya kukamatwa siku anapoomba mkopo, na zikipita wiki mbili pesa zikatoka, hudhani hatari imepita. Kumbe barua ile imo ndani ya faili, na faili itafunguliwa tena siku utakapohitaji huruma ya benki: ukitaka muda, ukitaka kupunguziwa rejesho, ukifukuzwa kazi. Mwenzako aliyesema kweli ataingia mlangoni na shida yake mkononi. Wewe utakaa nyumbani uchague kati ya madeni na kesi.

Alichagua kunyamaza. Simu za benki hakuzipokea. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mwenye mkopo aliyeshindwa kulipa hupewa ilani ya miezi 3, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuziwa, na dalali wa mnada naye hutoa siku zake 45. Muda huo umewekwa ili mtu apate kujitetea, azungumze, atafute mnunuzi mwenyewe kwa bei ya maana. Yeye aliutumia kuficha barua chini ya godoro. Mkewe alijua siku dalali alipobandika karatasi langoni. Mama yule alikuwa ametia sahihi ya ridhaa wakati wa mkopo, maana nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, lakini alitia sahihi akiamini mumewe ameajiriwa kwa kudumu. Naye pia alidanganywa, na karatasi iliyomdanganya niliiandika mimi.

Wakili waliyemwendea aliwaambia wazi kwamba mwenye kuomba mahakama izuie mnada hutakiwa aje na mikono safi, na kwamba barua ya mwajiri ingesomwa mwanzo. Rafiki yangu hakwenda mahakamani. Najua kwamba kwa sehemu alikuwa ananilinda mimi. Nyumba iliuzwa 2022. Kilichopatikana kilimaliza deni na gharama za mnada, hawakubaki na kitu, na jina lake likaingia CRB, kwenye rekodi za wanaoshindwa kulipa mikopo, ambako taarifa mbaya hukaa miaka 5. Leo wamepanga chumba kimoja Maweni, watu watano.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, kwa sababu vijana hudhani haya ni makosa ya maneno tu. Kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu kinampa miaka 3 gerezani anayejipatia mali kwa udanganyifu. Kughushi hati ya kawaida ni miaka 3 pia, na kughushi hatimiliki ya ardhi kunaweza kumpa mtu kifungo cha maisha. Karani anayegonga muhuri hayuko nje ya hesabu hiyo.

Liko jambo jingine ambalo halizungumzwi kabisa huku kwetu, nalo ni fomu ya bima. Mkopo wa nyumba huja na bima ya maisha, ili mkopaji akifa deni lilipwe na warithi wabaki na nyumba. Ndani ya fomu kuna maswali ya afya: una kisukari, una presha, umewahi kulazwa? Watu huweka alama ya "hapana" mstari mzima bila hata kusoma, wakiogopa mkopo kukataliwa au bima kupanda. Jirani yangu mmoja, mwalimu, alikuwa mtu wa kisukari miaka mingi, sote tulimjua kwa chai yake isiyo na sukari. Aliandika hapana. Alipofariki, kampuni ya bima iliomba kadi zake za kliniki, ikaona tarehe, ikakataa kulipa. Mjane wake alipokea barua ya deni akiwa bado ndani ya eda, hajatoka nje miezi miwili. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, na nyumba ile kilio kiliwaumbua waliobaki. Angesema kweli, pengine angelipishwa bima zaidi kidogo kila mwaka.

Barazani nimesikia hoja kwamba benki hula riba, kwa hiyo kuidanganya si dhambi. Ndugu zangu, shahada ya uongo imo katika madhambi makubwa, na haikuwekewa sharti la nani anayeambiwa. Anayeichukia riba anazo benki za Kiislamu, zinazonunua nyumba na kumuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Nazo pia zitamuuliza anapata kiasi gani.

Wala siyasemi haya kuwaosha wenye mabenki. Mji wetu unaishi kwa msimu. Mvuvi, mwendesha tuktuk, anayetembeza wageni Gede, mpishi wa nyumba za Wazungu, wote wana pesa zinazoonekana kwenye simu zao mwaka mzima, lakini dirishani huulizwa hati ya mshahara kama watu wa ofisini. Yupo hata afisa aliyewahi kumwambia mtu mbele yangu, "Andika tu kubwa kidogo, ipite," kwa kuwa naye ana idadi ya mikopo ya kufikisha. Benki iangalie taarifa za M-Pesa za miezi 12, ipange rejesho kubwa Desemba na Agosti na dogo wakati wa masika, na watu wengi hawatakuwa na sababu ya kumtafuta mwenye kuchapisha hati bandia. Mpaka hapo, ipo akiba ya Sacco, ambako nyingi hukopesha hadi mara tatu ya ulichoweka. Ipo njia ya kuomba pamoja na mke au ndugu mwenye kipato. Na ipo nyumba ya vyumba viwili badala ya vitatu.

Yule kijana wa bahasha ya kaki, kama anausoma ukurasa huu, arudi. Nitamsaidia kupanga makaratasi yake ya kweli, ya 40,000, na nitakwenda naye benki akinihitaji kueleza miezi ya msimu inavyokwenda.

Na wewe ambaye faili lako tayari lina barua kama yangu, na bado unalipa, usingoje Aprili hoteli zifunge. Mwone wakili kwanza, umweleze yote, kisha aende nawe benki ungali hudaiwi mwezi hata mmoja. Mwambie na mkeo usiku huu.

Karani mstaafu,
Barani, Malindi