Mvulana wa chini ya ngazi

Shoga yangu,

Barua yako ilinifika zamani, usininunie. Nimeanza kuijibu mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta nakuhubiria kama vile sikujui, nikachana karatasi. Hii ya tatu nitajizuia.

Unasema mwanao katimiza miaka kumi na kitabu akikiona anapiga miayo kabla hajakifungua. Unasema watoto wa wenzio wamezama kwenye vitabu vya Harry Potter, hawasikii la kuambiwa, na sasa unataka umnunulie wako vyote saba kwa mpigo ili naye apone. Usinunue saba. Tafuta kimoja, cha kwanza, hata cha kuazima. Cha tano peke yake, kwa chapa ya Uingereza, kina kurasa 766. Mtoto asiyependa kusoma ukimrundikia vyote mezani, umemjengea ukuta, na yeye ataona ukuta tu.

Ila sikulaumu kwa kutamani. Habari ya vitabu vile ina kitu ndani yake, na mimi nimeifuatilia sana kwa sababu ya hawa wangu. Mwandishi wake, J. K. Rowling, alipomaliza mswada wa kitabu cha kwanza, wachapishaji 12 waliukataa. Watu wazima hao, kazi yao ya kila siku ni kupima hadithi. Hatimaye ukafika kampuni ya Bloomsbury kule London, na mkuu wake, Nigel Newton, akachukua sura ya kwanza akaenda nayo nyumbani, akampa binti yake wa miaka 8. Mtoto akapanda nayo chumbani. Aliposhuka alikuwa anataka inayofuata. Baba mtu mwenyewe ndiye anayesimulia kwamba yule binti alimganda kwa miezi, kila mara anauliza, kimetokea nini baadaye?

Shoga, ndilo hilo tu. Mtoto wa miaka 8 hakusema kitabu kina mafunzo mazuri wala kwamba kitamkuzia msamiati. Alitaka kujua kimetokea nini.

Kikatoka tarehe 26 Juni 1997. Nakala za jalada gumu zilizochapwa mwanzoni zilikuwa 500, na 300 kati ya hizo zikaenda maktaba. Waliokichapa hawakuwa na matumaini makubwa, unaona. Hata jina la mwandishi waliliogopa: walihofu wavulana hawatasoma kitabu cha mwanamke, wakamwomba atumie herufi badala ya jina lake, Joanne, na yeye akaazima K ya Kathleen kutoka kwa bibi yake. (Wavulana wenyewe, walipogundua ni mwanamke, wala hawakujali. Wanaoogopa mambo haya siku zote ni sisi.) Mwaka ule ule kikashinda tuzo ya Smarties kwa upande wa watoto wa miaka 9 hadi 11, tuzo ambayo wakubwa waliteua vitabu vichache, kisha watoto wa shule ndio wakaamua nani wa kwanza. Kwa hiyo tena ni watoto.

Baada ya hapo mambo yakawa wazimu. Vitabu hivi vilikaa juu ya orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi muda mrefu hivi kwamba wachapishaji wa riwaya za wakubwa wakalalamika hawana pa kupita, na mwaka 2000 gazeti likawatengea watoto orodha yao. Cha saba kilipotoka, Julai 2007, Marekani peke yake ziliuzwa nakala milioni 8.3 ndani ya saa 24, watoto wakiwa wamepanga foleni usiku wa manane. Foleni, ya kitabu! Mimi foleni ninayoijua ni ya sindano.

Sasa nikwambie kosa langu, maana nisipokwambia utalirudia. Mwanangu mkubwa alipoanza cha kwanza, nilifurahi mno nikaharibu. Nilimpa daftari. Kila sura akimaliza aniandikie muhtasari wa mistari kumi, na maneno mapya matano na maana zake. Nilijiona mama wa mfano. Wiki ya pili nikaanza kusikia "bado niko sura ile ile". Wiki ya tatu nikakikuta kitabu nyuma ya kabati, daftari likiwa limetumika kama alama ya ukurasa. Nikamuuliza kwa nini umeacha, akanijibu bila hata hasira, "Nikisoma sana nitaandika sana." Nilikosa la kusema. Daftari nikalitoa, nikanyamaza mwezi mzima. Kunyamaza huko, unavyonijua, kuliniuma kuliko kuzaa.

Kwa kitindamimba nikawa nimeerevuka. Huyu alikuwa na miaka tisa, na kusoma peke yake kulikuwa kunamchosha, alikuwa anasoma neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikaamua kumsomea mimi. Sijui kama unaikumbuka ile sehemu: Harry ni yatima, analala kwenye kijistoo cha chini ya ngazi nyumbani kwa mjomba wake, hajawahi kuandikiwa barua na mtu yeyote. Siku moja inakuja barua yenye jina lake, na juu ya bahasha wametaja mpaka kile kijistoo. Mjomba anamnyang'anya. Zinakuja nyingine, anazichoma. Anapigilia misumari tundu la barua mlangoni. Zinazidi kumiminika, hadi mjomba anaibeba familia nzima kwenda kujificha kwenye kibanda juu ya mwamba baharini.

Hapo nikafunga kitabu. Nikasema, haya, kesho.

Alikuwa amelala ubavu, shuka mpaka kidevuni. Akautoa mkono taratibu, akaingiza kidole kati ya kurasa kabla sijakifumba vizuri, akaking'ang'ania. "Barua inasema nini?" Nikamwambia sijui, macho yangu yamechoka, tutaona kesho. Nikakiweka kitabu kwenye kiti, taa nikaiacha inawaka kana kwamba nimesahau, nikatoka. Nilisimama nje ya mlango kama mwizi. Kwanza kimya. Kisha kitanda kikalia. Kisha nikasikia sauti ndogo inavutavuta maneno, inakwama, inarudi nyuma, inaanza upya. Alichukua karibu saa nzima kwa kurasa chache. Asubuhi akaniambia kwa dharau kwamba jitu moja kubwa limevunja mlango, barua imesomwa, na yule mtoto mnene wa mjomba ameota mkia wa nguruwe.

Ukitaka la kumfanyia mwanao, fanya hilo. Msomee wewe, hata kama ana miaka kumi na anajidai mkubwa. Msomee vizuri, sauti ya mjomba iwe ya mjomba. Ukifika mahali ambapo wewe mwenyewe hutaki kuacha, acha. Bibi zetu walilijua hili kabla ya Bloomsbury: hadithi ilikatwa penye utamu, ukapelekwa kulala huku roho iko kwa sungura.

Umeniandikia pia kwamba mama mkwe ana wasiwasi, anasema hivyo ni vitabu vya uchawi. Nadhani nusu ya ugomvi huo umo kwenye lugha yetu. Sisi tuna neno moja, mchawi, na mchawi kwetu ni mtu wa husuda, anayekudhuru usiku. Ukisema "mtoto anasoma habari za mchawi" mama mkwe lazima ashtuke, hata mimi ningeshtuka. Harry si mchawi wa namna hiyo. Yuko karibu zaidi na yule kijana wa ngano aliyepewa pete ya ajabu, akaambiwa asiitumie vibaya. Hata kwa wenyewe wasiwasi huo ulikuwepo: Marekani vitabu hivi vilipingwa kuliko karibu vyote kwenye maktaba za shule, miaka ya 2000 yote. Usibishane na mama. Mkaribishe akae kitandani na mjukuu wakati unasoma. Akishafika kwenye zile barua naye atauliza zinasema nini.

Lakini nisikudanganye kwamba Harry Potter ni dawa ya kudumu. Mwaka ule ule wa foleni za usiku, 2007, taasisi ya National Endowment for the Arts ilitoa ripoti ya usomaji Marekani: vijana wa miaka 17 ambao hawasomi kabisa kwa kujifurahisha walikuwa wameongezeka, kutoka asilimia 9 mwaka 1984 hadi asilimia 19 mwaka 2004. Yaani wazimu wote ule, na wakubwa wao bado walikuwa wanaviacha vitabu. Niliyaona hayo kwa mkubwa wangu. Alipomaliza cha saba (ndiyo, baada ya balaa la daftari alirudi mwenyewe, polepole), akakaa karibu mwaka hajagusa kingine. Nilimletea riwaya nyingine za maajabu, zenye majoka na panga, nikidhani ndicho anachopenda. Akazipita kama hazipo. Kilichomrudisha ni kitabu cha picha cha papa na nyangumi, kizito, kimejaa namba: anazamia mita ngapi, ana meno mangapi. Mimi kwangu kile si kitabu cha kusoma, ni cha kupekua. Nikaufyata. Leo anasoma chochote, hata maelezo ya kwenye dawa.

Kwa hiyo kama wako ataanza Harry Potter akaishia sura ya tatu, mwache aishie. Jaribu vichekesho vya picha, jaribu mpira, jaribu wadudu. Asipewe mtihani. Asome na kurasa za mbele akitaka, aruke zinazomchosha. Sisi wenyewe magazeti tunaanzia nyuma. Na akuone nawe umekaa na kitabu, simu iko chumba kingine. Hilo la simu najua ni gumu kwako kuliko kwake, nimekaa na wewe.

Nakutumia nakala yetu pamoja na barua hii. Usishangae hali yake: mgongo umelegea, jalada la nyuma halipo, na kwenye zile kurasa za mwamba baharini kuna alama ya kidole cha mtu aliyekuwa anasoma na mafuta ya nywele mkononi. Usiifute. Mwambie tu kuna mtoto mwingine alikwama hapo hapo.

Kitindamimba ananisimamia begani ninapoandika. Anasema nimwambie mwanao, tena nipigie mstari, asirukie sura ya mwisho. Yeye aliirukia, na mpaka leo anajutia. Namjibu kwamba kila mtu na macho yake. Amenuna.

Wasalimie wote, na mama mkwe umpe pole yangu ya mguu.

Ni mimi, shoga yako.