Presha haipandi motoni

Mhariri,

Mjukuu wangu wa kidato cha tatu amenionyesha daftari lake: "Mafuta yakiwaka ndani ya injini ya jeti presha hupanda, ndipo ndege husukumwa." Amewekewa alama ya vema. Nimefungua na kufunga injini za ndege miaka 31, na vema ile imeniuma.

Presha hupandishwa na kompresa, yaani safu za mapanga yanayozunguka na kuibana hewa, kabla ya moto. Katika CFM56, injini ya Boeing 737 nyingi, ndege inaporuka hewa inayopita katikati hushindiliwa hadi presha yake ipande zaidi ya mara 20. Ndiyo maana mapanga ya mwisho ya kompresa ni mafupi kuliko kidole changu cha mwisho: hewa iliyobanwa haihitaji nafasi kubwa. Kwenye chumba cha kuchomea, presha hushuka kidogo. Kinachoongezeka ni joto na ujazo, na hewa hiyo hukimbilia nyuma kupitia turbaini, yaani mapanga ya nyuma yanayozungushwa na hewa hiyo, nayo huizungusha kompresa.

Presha ya nyuma ikiishinda kompresa, hewa hurudi ilikotoka. Nimelishuhudia mara moja, tukijaribu injini usiku: mshindo kama wa baruti, kisha mwali ukachomoza mdomoni, mbele! Tulipoikagua, mapanga ya kompresa yalikuwa yameliwa na mchanga.

Walimu wetu, nawaomba mchore mstari wa presha ubaoni. Kilele chake kiwe mwisho wa kompresa, kisha uteremke hadi kwenye bomba la kutolea moshi.

Fundi mstaafu wa ndege,
Kipawa, Dar es Salaam