Shufwa na witiri zisiishie kuzungushiwa duara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wa Hisabati wa shule za msingi, pamoja na wazazi wenzangu wa huku Kusini, kuhusu jambo ambalo naona linapitwa mbio mno darasani. Nalo ni namba shufwa, zinazogawanyika kwa mbili bila baki, na namba witiri, zinazobakiza moja.

Nilikuwa mshika vitabu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho hapa Newala hadi nilipostaafu. Sasa nina wajukuu wanaosoma, na jioni madaftari yao nayapitia mimi. Swali la shufwa na witiri huja kwa sura ileile: zungushia namba shufwa. Zimeandikwa 4, 7, 10, 13. Mtoto anazungushia 4 na 10, anapata vema, mada imekwisha. Mwaka unaofuata anazungushia namba kubwa zaidi. Zikijumlishwa inakuwaje, zikizidishwa inakuwaje, haulizwi. Na utamu wote uko huko!

Chukua safu ya mizani kama tulivyokuwa tukiiandika msimu wa korosho, magunia yamepangwa uani na wakulima wamesimama wanasubiri: kilo 73, 81, 64, 79, 77, 80, 75. Kabla ya kujumlisha chochote, mimi huangalia witiri ziko ngapi. Hapo ziko tano: 73, 81, 79, 77 na 75. Idadi ya witiri ikiwa yenyewe ni witiri, jumla lazima iwe witiri. Idadi yao ikiwa shufwa, jumla lazima iwe shufwa. Zile 64 na 80 hazibadilishi kitu, hata zingekuwa mia. Basi karani akiniletea jumla ya 528 namrudishia karatasi papo hapo, wala sijagusa kikokotoo. Jumla ya kweli ni 529.

Mtoto atauliza kwa nini, na ni haki yake aonyeshwe. Mwagieni korosho kwenye mkeka, azitoe mbilimbili. Shufwa huisha yote, haibakizi. Witiri hubakiza moja. Sasa aweke marundo mawili ya witiri, tuseme 7 na 9. Kila rundo linabakiza korosho moja. Zile mbili zilizobaki zinakutana, zinakuwa jozi, na mkekani habaki mpweke. Ndiyo maana witiri na witiri huzaa shufwa. Shufwa na witiri? Mmoja amebaki na hana wa kushikana naye, jumla ni witiri. Kutoa kunafuata sheria hiyohiyo. Na mtu asisumbuke na namba ndefu: kila kumi ni jozi tano, mia na elfu ni makumi matupu, kwa hiyo tarakimu ya mwisho peke yake inatosha kutoa hukumu.

Kipimo hiki hakinasi kila kosa, na mtoto aambiwe hivyo tangu mwanzo. Karani akiandika 531 badala ya 529, kinanyamaza, kwa sababu zote mbili ni witiri. Akigeuza tarakimu akaandika 18 mahali pa 81, kinapiga kelele. Akigeuza 79 ikawa 97, hakisemi kitu. Kwa kugeuza huko washika vitabu tuna kipimo kingine: ukigeuza tarakimu mbili zilizo jirani, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9. Toa 79 kwenye 97 unapata 18. Vipimo viwili vinavyotazama kosa kwa pande tofauti vinasaidiana, na hapo ndipo mtoto anapojifunza kukagua kazi kwa akili yake mwenyewe.

Mjukuu wangu wa darasa la sita aliniletea fumbo linalozunguka kwenye simu. Umepewa namba 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13 na 15. Jaza visanduku vitatu ili jumla iwe 30. Ruksa kurudia namba. Alikuwa amejaza kurasa mbili. 15 na 13 na 1 ni 29. 15 na 13 na 3 ni 31. Kila mara anaikosa 30 kwa moja. Nikamwambia azitazame namba zote nane, aniambie zina nini cha pamoja. Akatazama, akanyamaza, kisha akasema, "Bibi, zote witiri. Tatu zitabakiza moja." Akaweka kalamu chini. Katika muda huo mfupi alikuwa amethibitisha kwamba jambo haliwezekani, si kwa yeye tu, bali kwa mtu yeyote, hata akae mwaka mzima. Ndicho ninachokililia kwa watoto wetu: kujua tofauti kati ya "sijapata" na "haipatikani".

Upo pia mgao wa aina hii: ndugu wawili wana mikorosho 25, mmoja amemzidi mwenzake 6, kila mmoja ana mingapi? Mtu mzima anaweza kuhangaika nalo. Lakini jumla ya namba mbili na tofauti yake daima huwa kundi moja, ama zote shufwa ama zote witiri. Hapo 25 ni witiri na 6 ni shufwa. Basi aliyetoa hesabu hiyo kakosea kuhesabu mikorosho, arudi shambani.

Kwenye kuzidisha, sheria ni kali zaidi. Shufwa moja tu ikiingia, jibu zima ni shufwa. Ili jibu liwe witiri, kila namba iliyozidishwa lazima iwe witiri. Tuseme mkulima ana kilo 347, bei mnadani ni shilingi 3,195. Zote witiri, kwa hiyo malipo kabla ya makato lazima yawe witiri: ni shilingi 1,108,665. Karatasi ikisomeka 1,108,650, mtoto wa darasa la nne aliyefundishwa vizuri anaweza kumwambia baba yake, "Hii irudishwe." Wazazi wetu wengi hupokea karatasi, wanaikunja, wanaitia mfukoni. Nimeyaona hayo miaka yote ya kazi yangu, na yananiuma.

Wazee wanaocheza bao wanaliishi jambo hili bila kalamu. Bao la Kiswahili lina kete 64, kila mmoja 32. Mnapoanza, kumi zako ziko ubaoni na 22 mkononi. Kwa kuwa 64 ni shufwa, mchezo ukiwa popote pale, ukihesabu zako za ubaoni na za mkononi ukakuta witiri, na mwenzako ana witiri. Ukikuta si hivyo, kuna kete imeanguka chini ya jamvi.

Wala si mambo ya jana. Euclid, mwanahesabu wa Alexandria huko Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliyaandika moja baada ya jingine na kuyathibitisha: shufwa nyingi zikijumlishwa, witiri zikiwa idadi shufwa, witiri zikiwa idadi witiri, witiri kwa witiri. Kama yalistahili kazi yake, yanastahili kipindi kizima kwenye shule zetu.

Sifuri nayo isiachwe njiani. Watoto wengi huniambia haimo kundi lolote. Imo: ni shufwa. 6 toa 6 ni shufwa toa shufwa, na mkekani hakuna aliyebaki mpweke.

Ombi langu kwa walimu ni hili. Baada ya watoto kujua kuzitambua, wapewe korosho, kokoto au mbegu za mbaazi, wajumlishe, watoe, wazidishe, na sheria waitamke wao kabla ya mwalimu kuiandika ubaoni. Fumbo la 30 lije baada ya hapo. Kugawanya kuwe mwisho, kwa kuwa huko mambo hayatabiriki: 12 kwa 2 ni 6, 12 kwa 4 ni 3, shufwa kwa shufwa na majibu ya makundi mawili. Witiri kwa shufwa haigawanyiki kamwe bila baki. Waachwe wabishane kwa nini, na mwalimu asiwape jibu siku hiyohiyo.

Mshika vitabu mstaafu wa chama cha msingi,
Newala, Mtwara