Barua kwa Dada wa Nakuru Kuhusu Swali la Mwanawe

Kisumu

Dada mpendwa,

Salamu kutoka huku ziwani. Umenieleza jinsi mwanao alivyomwuliza kwa sauti mzee wa magongo, ndani ya matatu ya Njoro, mguu wake mmoja uko wapi, nawe kwa aibu ukamziba mdomo.

Sidhani kwamba mtoto wa miaka minne anayeuliza hivyo ana dharau. Pengine anataka kujua iwapo mguu huo utaota tena, au anahofia kuwa wake pia utapotea, na hofu ya namna hiyo huhitaji jibu jepesi la ukweli. Akizibwa mdomo, atakachojifunza ni kwamba mtu yule anatisha.

Mwaka 1961 Stephen Richardson na wenzake walichapisha utafiti wa Marekani ambamo watoto wa miaka 10 na 11 walipanga picha za watoto, wengine wenye ulemavu, kuanzia wanayempenda zaidi. Mtoto asiye na ulemavu ndiye aliyetangulia na, jambo lililonihuzunisha, hata watoto wenye ulemavu walipanga vivyo hivyo. Bila shaka walikuwa wameyasoma macho ya watu wazima.

Wengi husema dawa ni kuwachanganya darasani. Ni kweli, ila mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza tangu 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki hasa pale watu wanapokuwa na hadhi sawa. Katika chekechea yangu yupo mvulana wa kiti cha magurudumu ambaye wenzake humpenda hata wakagombania kumsukuma. Lakini wakicheza nyumbani-nyumbani, siku zote yeye ndiye mtoto mchanga au mgonjwa. Huruma hiyo, kwa maoni yangu, ni ngumu kuing'oa kuliko kejeli, kwa sababu hakuna mzazi anayeikemea. Nilipopendekeza awe makanga, aliwatoza nauli maradufu na kukataa kurudisha chenji, wakamgombeza vikali kama wanavyogombezana wao kwa wao. Nilifurahi mno, ingawa mwalimu mwenzangu alitaka kuwanyamazisha.

Kuhusu mwanao, Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutoitwa kwa namna inayomdunisha. Kwa hiyo mfundishe aanze na shikamoo, kisha aombe ruhusa ya kuuliza. Mzee akipenda kusimulia, asimulie, na asipopenda, wewe umweleze mtoto mkifika nyumbani.

Nisalimie Baba watoto.

Wako akupendaye,
Mwalimu wa Kisumu