Ng'ombe wangu hakuwa tasa

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Mlipochanganya mtamba na mfarika nilinyamaza. Mlipoweka picha ya beberu juu ya habari ya kondoo nilinyamaza pia. Lakini ile ripoti ya utafiti wa viinitete vya ng'ombe, yaani mimba changa kabisa, yenye picha kubwa ya kiinitete cha siku saba, imenishinda kuimeza. Nimehesabu ndani yake neno "tasa" mara nne, na hakuna hata mara moja lilipokaa mahali pake.

Mwandishi wenu anasema kwamba ng'ombe akihimilishwa, yaani akiwekewa mbegu za dume na mtaalamu, na akarudi kwenye joto, ile hali ya kutaka kupandwa, basi mbegu hazikushika, na akirudi mara tatu huyo ni tasa. Hapana. Watafiti wa uzazi wa mifugo wamelieleza jambo hili kwa miongo mingi: ng'ombe mwenye afya akihimilishwa kwa wakati wake, yai hurutubishwa mara 8 au 9 katika kila 10. Ila ndama wanaozaliwa kutokana na uhimilishaji mmoja, hasa kwa ng'ombe wa maziwa mengi, mara nyingi hawafiki hata nusu. Waliopotea hapo katikati ni viinitete vilivyokuwa hai vikafa, vingi kabla ya wiki ya tatu kwisha, bila mwenye ng'ombe kuona damu wala dalili yoyote. Aliyepoteza mimba si tasa. Haya ni mambo mawili, na dawa yake si moja.

Picha yenu nayo ilikomea siku ya saba, kana kwamba hapo ndipo kazi inapoishia. Kufika siku ya saba kwenyewe si kazi ndogo. Kiinitete hukaa kwenye mrija wa uzazi kama siku nne kikigawanyika, na mpaka kifikie seli 8 hadi 16 kinaishi kwa akiba ambayo mama aliiweka ndani ya yai. Baada ya hapo ndipo jeni zake chenyewe zinapoanza kazi. Lakini siku zinazofuata ndizo ngumu zaidi. Siku ya 9 au ya 10 kinatoboa ganda lake na kutoka. Wiki ya pili ikielekea kwisha kinaanza kurefuka, kutoka kitu usichoweza kukichunguza bila hadubini mpaka uzi mwembamba unaotanda ndani ya mji wa mimba. Uzi huo hutoa interferoni tau, protini inayomwarifu mama kwamba kiinitete kipo, na ujumbe wake usipofika ifikapo siku ya 16 hivi, mji wa mimba unatoa homoni ya prostaglandini, mwili njano, yaani tezi ndogo ya kwenye ovari inayotoa projesteroni, unayeyuka, projesteroni, homoni inayotunza mimba, inashuka, na siku ya 21 ng'ombe yuko kwenye joto tena. Mpaka leo hakuna sahani ya maabara iliyokirefusha kiinitete cha ng'ombe kama tumbo la mama linavyokirefusha. Hiyo ndiyo habari niliyoitafuta kwenye ripoti yenu nikaikosa.

Sasa nieleze kwa nini nina uchungu. Nilikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, mzao wa pili, mpole, ambaye alijisogeza mwenyewe kila saa ya kukamuliwa ilipofika. Nilimhimilisha mara tatu na kila kitu nikakiandika kwenye daftari: saa aliyoanza kusimama akipandwa na wenzake, hali ya ute, saa ya uhimilishaji, siku aliyorudi. Mara ya kwanza alirudi siku ya 21. Mara ya pili, siku ya 20. Zote mbili zilikuwa katika miezi ya joto kali, na kivuli chetu wakati ule kilikuwa kidogo. Mara ya tatu hali ya hewa ilikuwa imeanza kupoa, na alirudi siku ya 33. Nikamwita mtaalamu. Akafika, akasimama mlangoni pa banda, nikampa daftari. Akafunua ukurasa, akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akasema, "Mama, huyu ni tasa, muuze kabla hajakonda." Hakuvaa hata glavu. Hakuuliza kuhusu joto la hewa, wala lishe, wala wiki ngapi zilikuwa zimepita tangu azae. Na ile 33 hakuisoma, Mhariri! Thelathini na tatu si 21, na wala si 42 kwamba labda joto moja lilinipita bila kuliona. Ng'ombe anayerudi siku ya 33, kwa kila ninachokijua leo, alikuwa na kiinitete kilichorefuka, kikatoa ujumbe wake, mama akausikia, mwili njano ukabaki, kisha kikafa baadaye. Ng'ombe huyo alikuwa anakaribia. Alihitaji kivuli, chakula cha kutosha na nafasi moja zaidi. Mimi sikuyajua hayo, nikamwamini mwenye elimu, nikamuuza kwa wachinjaji. Nimekuja kuielewa tarehe ile miaka kadhaa baadaye, nilipokaa na watu wanaofanya utafiti huu kwa subira, wakanifafanulia kwamba joto kali huviumiza zaidi viinitete vya siku za mwanzo kabisa, na kwamba hata yai lenyewe linaweza kuharibiwa na joto wiki kadhaa kabla halijatoka kwenye ovari. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari nikalia.

Neno hilo naujua uzito wake. Mimi mwenyewe niliitwa hivyo kwa miaka sita kabla sijajifungua mwanangu wa kwanza, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewaza kumpeleka baba yake akapimwe.

Na hapo ndipo ninapoomba nimsemee dume, maana ripoti yenu haikumgusa kabisa. Dume anaweza kubeba trikomona au kampilobakta, vijidudu vinavyoambukizwa kwa kupandana, maisha yake yote akiwa ananawiri, akapanda jike baada ya jike, na kila jike akashika mimba na kuipoteza mapema. Nani ataitwa tasa? Majike yote. Dume akipata homa kali leo, mbegu mbovu zinaweza kuonekana wiki nyingi baadaye, kwa sababu mbegu za dume la ng'ombe huchukua kama siku 60 kutengenezwa. Wakati huo homa imekwisha sahauliwa. Hata mbegu zilizogandishwa hulala kwenye nitrojeni ya kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi ukiachwa ukapungua, au mrija wa mbegu ukayeyushwa kwa kubahatisha maji ya moto, zinakufa kabla hazijamfikia ng'ombe. Lawama bado ni za jike.

Jambo jingine: msiandike tena kwamba teknolojia hii ya kuhamisha viinitete na kurutubisha mayai maabara imeingia juzi. Mtafiti Mwingereza Walter Heape alihamisha viinitete vya sungura mwaka 1890. Ndama wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichohamishwa alizaliwa Marekani mwaka 1951, wa kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Uingereza mwaka 1973, na wa yai lililorutubishwa nje ya mwili alizaliwa mwaka 1981. Wazee hao wanastahili heshima yao, na msomaji anastahili kujua kwamba kinachowasumbua watafiti sasa ni wiki ya pili na ya tatu.

Ninachoomba ni hiki. Kila mnapochapisha habari ya utafiti wa aina hii, wekeni namba tatu chini ya picha: mayai mangapi yaliingia maabara, viinitete vingapi vilifika siku ya 7, na ndama wangapi walizaliwa wakiwa hai. Namba ya tatu ikikosekana, andikeni kwamba imekosekana. Na neno "tasa" liwekeni kwa anayestahili, kama mtamba aliyezaliwa pacha na dume, ambaye damu zao zilichanganyika kwenye kondo na viungo vyake vya uzazi havikukua. Wa namna hiyo wengi mno hawazai kamwe. Wengine wote, mwandishi aulize kwanza: alirudi siku ya ngapi?

Nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari langu. Siku ya 33 nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Mfugaji na msomaji wenu