Mhusika wangu hataki kuiba

Mwalimu, shikamoo.

Nafuatilia majibu unayowapa waandishi wanaochipukia, na leo nimeamua kuleta la kwangu. Ninaandika riwaya. Inatokea Mwanza, mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na mhusika mkuu ni mfanyabiashara wa dagaa anayeitwa Mama Kulwa. Mandhari nayajua, msuko wa matukio ninao tangu mwanzo hadi mwisho. Anayenishinda ni Mama Kulwa mwenyewe.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Mama Kulwa anachukua mkopo wa kausha damu, ile yenye riba ya kuumiza, ili anunue mzigo. Mvua inamkuta ameanika mchangani, dagaa wanaharibika, kinachookolewa kinauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kabla hajainuka, mwezi unakuwa mkubwa. Kama hujakaa Kanda ya Ziwa, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikitanda mitumbwi hupumzika siku kadhaa na wanawake wa mwaloni hukaa bila bidhaa. Lakini rejesho halisubiri giza. Hapo ndipo anapotakiwa kuchukua fedha za kikoba chao, kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopeshana. Sanduku linalala kwake, ila lina kufuli tatu na funguo zake wanazo wanawake wengine watatu. Ili alifungue inambidi awalaghai wote, mmoja baada ya mwingine, na mwishowe lawama imwangukie mdogo wao, binti aliyejiunga juzijuzi.

Basi hataki. Nikimtuma kwa mwenye ufunguo wa kwanza, anafika, anakaribishwa chai, wanapiga soga za harusi ya jirani, anaaga, anarudi mikono mitupu. Nikimlazimisha, naanza kumtafutia udhuru: mtoto kaugua usiku, mume kamtishia, wale wa mkopo wamekuja kubeba godoro. Rafiki yangu anayenisomea rasimu aliniambia, "Huyu mama hajaiba, ameibishwa." Nilikasirika siku nzima kwa sababu ni kweli.

Usidhani simjui. Nimefuata ule ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba umjue mhusika wako kabla hujamwandika, na nina daftari zima la habari zake. Msukuma wa Magu. Darasa la saba. Hapendi nyanya chungu. Ana kovu la moto kwenye kiganja, anaogopa radi, anavaa kandambili hata kanisani. Ukinihoji juu yake nitajibu kila swali. Nikimwingiza kwenye tukio, anasimama tu akisubiri nimwambie la kufanya. Kidato cha tano tulifundishwa wahusika bapa, wenye sifa moja tu, na wahusika duara, wenye undani na wanaoweza kutushangaza, mgawanyo uliotokana na Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, na mtihani niliufaulu vizuri. Kuutambua mduara kwenye kazi ya mtu mwingine ni kazi nyepesi sana, Mwalimu.

Kinachonichanganya zaidi ni kijana wa mikopo. Huyu aliingia kwa ukurasa mmoja tu, aje kudai, aondoke. Jina sikumpa, wanawake wanamwita Bwana Rejesho. Sijui alizaliwa wapi wala anakula nini. Lakini mara ya kwanza tu alipofika kwenye nyumba ya Mama Kulwa, alisimama mlangoni akakung'uta mchanga kwenye viatu, akaomba radhi kwa kuchafua sakafu, halafu akadai hela yote bila kupunguza hata shilingi. Sikupanga hivyo. Sasa kila sura anataka kuingia, na akiingia mazungumzo yanachangamka, hata Mama Kulwa anapata ulimi. Kuna siku alimjibu, "Mwanangu, adabu zako zinanigharimu kuliko riba," na mimi mwenyewe nikabaki nikicheka peke yangu. Nimejiuliza kama riwaya hii ni ya Bwana Rejesho na mimi nang'ang'ania mtu mwingine.

Halafu kuna suala la Doto. Yule rafiki yangu aliuliza: kama mtoto ni Kulwa, pacha wake yuko wapi? Kwetu huwezi kuwa na Kulwa bila Doto, walau aliyezikwa. Mimi jina nililichukua kwa kuwa linapendeza. Nikajibu papo hapo, bila kufikiri: Doto yuko Geita kwenye machimbo, na hawasemeshani na mama yake, kwa sababu mama alikuwa na ada ya mtoto mmoja akamchagua Kulwa. Sijui jibu hilo lilitoka wapi. Daftarini halimo. Lakini tangu siku hiyo nimeanza kumwogopa kidogo Mama Kulwa, na nadhani mtu aliyewahi kuchagua kati ya mapacha wake anaweza kugonga mlango wa mwenye ufunguo akijua anachokifuata. Tatizo ni kwamba Doto naye amekuwa mzito, anaivuta hadithi iende Geita, na mimi machimbo siyajui kama ninavyoujua mwalo.

Nimejaribu pia nafsi ya kwanza, nikidhani nikimpa Mama Kulwa usimulizi atafunguka. Akaanza kujitetea kama aliyeitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Nilirudi nafsi ya tatu.

Nikueleze na hili, maana bila hili ushauri wako utakosa pa kushika. Mama Kulwa nimemtoa kwa shangazi yangu. Ndiye aliyenilea, kwa dagaa hao hao. Kovu la kiganjani ni lake, kandambili ni zake, hata ile namna ya kuhesabu hela akiwa amewapa watu kisogo. Yu hai, ana afya, na anajua ninaandika "kitabu cha mwaloni". Kila nikienda ananiuliza nitamsomea lini. Shangazi hajawahi kumdhulumu mtu hata sado moja. Kwa hiyo kila Mama Kulwa anapokaribia lile sanduku, anayeinua mkono kichwani mwangu ni shangazi, na mkono unashuka.

Wengine wamenishauri nibadilishe sura tu: nimfanye mnene, nimhamishie Musoma, nimpe dini nyingine. Nimejaribu kumnenepesha. Ni shangazi aliyenenepa. Nimewaza pia kusimulia yote kwa macho ya yule binti atakayesingiziwa, ili nisilazimike kabisa kuingia moyoni mwa mwizi, ila nahisi huko ni kukimbia, na wewe ungeniambia hivyo hivyo.

Naomba unisaidie, Mwalimu. Mtu unayempenda unamtengaje na mhusika aliyetokana naye, wakati vile vitu vilivyokuvutia kuandika ndivyo vyake? Je, nimfuate Doto hadi Geita ili nimjue mama yake, hata kama kurasa hizo hazitaingia kitabuni? Na Bwana Rejesho nimpunguze, au nimwachie nafasi nione anakonipeleka? Unijibu bila kunionea haya. Sura ya tano imelala tangu masika, na shangazi ameniuliza tena Jumapili.

Mwanafunzi wako,
Mwanza