Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu: nesi anaruhusiwa kushona au haruhusiwi?

Shikamoo mheshimiwa daktari. Najua vikao haviishi, sitakuchosha sana, ila ya Alhamisi usiku yamenishinda kunyamaza. Hili nilishalisema kwa mwenyekiti wa kijiji, nikalisema tena mbele yako ulipokuja mkutanoni mwaka juzi, ukajibu "nimelichukua". Naona mpaka leo hujalitua.

Mwanangu wa miaka 9 aliteleza akakatwa na bati chini ya goti, kidonda urefu wa kidole, kimefunguka mpaka mafuta meupe yanaonekana. Saa mbili usiku nimembeba hadi zahanati kanga imelowa damu, nashukuru Mungu nesi alikuwepo, tabibu yuko semina (hizi semina nazo, sijui wanasomea nini kila mwezi). Dada wa watu akakiosha vizuri kwa maji ya dripu, akamchoma sindano ya pepopunda, akakandamiza gozi, halafu akaniambia mama hapa panataka kushonwa na sisi tumekatazwa. Nikamuuliza vifaa hamna? Akanifungulia kabati. Uzi upo, ganzi ipo, mkasi upo, glavu zimejaa boksi.

Sasa nieleweshe mheshimiwa. Nesi huyuhuyu mwaka jana nimejifungua mtoto wa kilo nne nikachanika, yeye ndo alonishona, peke yake, na nikapona vizuri tu. Kumbe kule ruksa ila mguu wa mtoto hapana? Mdogo wangu anasomea uuguzi, anasema kushona wazazi waliochanika wanafundishwa kabisa, na ipo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, na Baraza lao lipo la kuwabana wakikosea. Huku mtaani tunasikia eti kuna nesi kata ya pili alishona kidonda kikatunga usaha, ndugu wakaja juu, ndo ofisi yako ikawapiga stop wote. Kama ni kweli sijui maana karatasi hakuna, kila unayemuuliza anakwambia "tumeambiwa".

Sijasema washone kila kitu jamani. Kidonda cha usoni, mshipa umekatika, mfupa unaonekana, huyo akimbizwe kwa daktari.

Basi nikachukua boda, 15,000, hela ya mbolea hiyo, njia yote mashimo na kila tukiruka mtoto anapiga kelele. Kituo cha afya cha kata ya wenzetu tumefika saa sita kasoro, daktari yuko ndani anampasua mama wa uzazi. Unajua nani alimshona mwanangu? Nesi! Nyuzi 6, hata nusu saa haikufika.

Mwaka 2007 kwenye ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) mlituahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Zahanati tunayo, matofali tulifyatua wenyewe, kituo cha kata yetu tunakisikia kwenye kampeni. Sikudai hicho leo. Naomba karatasi moja tu, yenye sahihi yako na muhuri, ibandikwe ukutani pale zahanati iseme tabibu asipokuwepo nesi anashona nini na nini hashoni. Karatasi tu mheshimiwa, hata bajeti haihitaji.

Na ukiweza iwahi, maana wiki ijayo mtoto anatakiwa kutolewa nyuzi. Kutoa nako nesi anaruhusiwa, au niitafute 15,000 nyingine?

Mama mwenye mtoto, kijijini kwako.